Cheti cha Rubani si Kinga ya Kusahau

Kwa kanuni za kimataifa, rubani wa ndege ya abiria hupimwa ustadi wake mara mbili kila mwaka. Wapo wadhanio kwamba kipimo hicho pekee chatosha kuwalinda abiria. La hasha! Kipimo huonyesha yale ayajuayo rubani siku ile. Hakimzuii kuyasahau baadaye.

Mwaka 1885 mtaalamu wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alionyesha kwamba mtu husahau upesi aliyojifunza, lakini akiyarudia mara kwa mara hudumu.

Tarehe 1 Juni 2009, barafu iliziba mirija ya kupimia mwendo ya ndege iliyotoka Rio de Janeiro kwenda Paris. Mtambo wa kujiongoza ukazimika. Rubani akainua pua ya ndege kupita kiasi, mabawa yakashindwa kuibeba, ikaanguka baharini. Watu 228 walikufa. Marubani wake walikuwa na vyeti halali, ila hawakuwa wamezoezwa kuiongoza ndege kwa mikono katika kimo kile.

Kwa hiyo rubani mwangalifu hangoji siku ya kupimwa. Hukifunga kitabu cha ndege yake, hutaja kwa kichwa hatua za kufuata injini ikiwaka moto, kisha hukifungua na kujisahihisha. Wiki ifuatayo huchagua hatari nyingine.

Mwanafunzi akeshaye usiku mmoja kabla ya mtihani huenda akafaulu, lakini elimu yake haitamfaa siku ya haja. Haba na haba hujaza kibaba.