Maasi ya Torit na Onyo Lililotangulia

Kila ifikapo tarehe 18 Agosti sisi wanafunzi huelezwa habari za askari wa Kikosi cha Equatoria walioasi Torit mwaka 1955, nasi huwapigia makofi. Sina ugomvi na makofi hayo. Lakini naona twasahau jambo moja kubwa: kabla ya Torit palikuwa na njama iliyofichuka, na mafunzo yake ni mengi.

Mwanzoni mwa mwezi ule serikali iligundua kwamba baadhi ya askari walikuwa wamepanga kuasi. Watu wakakamatwa. Wenyeji wa Juba walipoandamana kutaka wafunguliwe, walitawanywa kwa moshi wa kutoa machozi. Kisha askari wa Kaskazini wakaletwa kwa ndege. Wakubwa wakadhani mambo yamekwisha.

Je, yalikwisha? Kama wangaliuliza askari wamekasirikia nini, wangalijibiwa mara moja. Waingereza walipokuwa wakiondoka, nafasi za kazi karibu 800 ziligawanywa, na watu wa Kusini wakapata 6 tu. Mwezi Julai wafanyakazi waliofukuzwa kazi huko Nzara waliandamana, baadhi yao wakapigwa risasi wakafa. Tena ilienea simu iliyodaiwa kutoka kwa Waziri Mkuu, Ismail al-Azhari, ya kuamuru watu wa Kusini waonewe. Baadaye tume ya hakimu Cotran iliona kuwa simu ile ilikuwa ya kughushi. Lakini mtu anayeonewa kila siku haoni taabu kuiamini.

Basi kombania ya pili ilipoamriwa kwenda Khartoum, ilikataa, na askari wakavunja ghala la silaha. Tume ilihesabu maiti 336 katika machafuko yale: 261 wa Kaskazini na 75 wa Kusini. Wamo wafanyabiashara, wanawake na watoto. Hao nao tuwakumbuke, kwa maana mtoto wa mwenye duka hakumnyima mtu cheo.

Wako watakaosema kwamba askari aliyekula kiapo hana ruhusa ya kuasi. Ni kweli, jeshi haliendi bila utii. Lakini serikali ilipata zaidi ya siku kumi, nayo ikazitumia kutafuta wakosaji, isitafute kosa. Usipoziba ufa utajenga ukuta: vita vya Kusini havikutulia mpaka mapatano ya Addis Ababa, mwaka 1972.

Tangu tarehe 9 Julai 2011 nchi ni yetu, wala hatuwezi tena kuisingizia Khartoum kila kitu. Mwaka 2024 watumishi wa serikali, pamoja na askari, walikaa miezi mingi bila mshahara. Mtu wa namna hiyo akinung'unika, mkubwa wake asianze kwa kuuliza, "Nani amesema?" Aulize kwanza, "Amesema nini?" Nasi wanafunzi yafaa tujizoeze sasa, hata kiranja anaposikia manung'uniko ya chakula bwenini, maana kesho viti hivyo tutavikalia sisi.