Bilioni 1.45 ni nyingi, ila pampu anatengeneza nani?
Hongera zao Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Waongofu zaidi ya 308,000 kubatizwa mwaka 2024, na dola bilioni 1.45 kwa wenye shida katika nchi na maeneo 192, si haba. Ila aliyeandika takwimu hizo angefafanua kwamba katika fedha hizo mna pia matoleo ya mfungo (sadaka za waumini wanaofunga), ambayo huwasaidia zaidi waumini wao wenyewe. Tena fedha kutolewa si mwisho wa kazi: kijijini kwetu kuna kisima cha wafadhili (sio hao, nisiwasingizie); kibao cha jina bado kinang'aa, mpini wa pampu umekatika, kina mama wamerudi mtoni. Ripoti ijayo ya kanisa itaje visima vilivyochimbwa 2019 vingapi bado vinatoa maji.