PENSHENI YA MZEE HAIKUNYWEWA KILABUNI

Ndugu wanaushirika,

Kuna maneno mabaya yanazagaa hapa kijijini. Mzee akipita na mkongojo wake kuomba chumvi, vijana husema ati, "Huyu alifanya kazi miaka yote ile, hela zake kaziacha kilabuni." Jamani, huko ni kuwaonea wazee wetu.

Hebu tuhesabu. Mzee aliyekata mkonge miaka ya 1980 alikuwa chini ya Mfuko wa Akiba ulioanzishwa mwaka 1964. Mfuko ule haukuwa wa pensheni. Mtu akistaafu alipewa akiba yake kwa mkupuo, akaagwa, basi. Pensheni ya kila mwezi ililetwa na sheria ya NSSF ya mwaka 1997, na wengi walikuwa wameshaacha kazi. Bei zilipopanda, akiba ile iliyeyuka. Hapo pombe iko wapi?

Na waliobaki kazini je? Sheria inataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Haihesabu jasho, inahesabu michango iliyofika. Mwajiri anatakiwa kupeleka asilimia 20 ya mshahara, na haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu ya hiyo. Lakini wapo waajiri wanaokata, kisha wanatia mfukoni. Wapo wanaomwita mtu kibarua miaka kumi mfululizo ili jina lake lisifike kwenye Mfuko. Huo ni wizi wa mchana! Na aliyeibiwa anakuja kujua akiwa na miaka 60, nguvu zimekwisha.

Sisi wakulima ndio tuliosahauliwa kabisa. Siku ya mizani tunakatwa ushuru, tunakatwa pembejeo, tunakatwa cha chama. Cha uzee hatukatwi hata senti. Zanzibar, tangu mwaka 2016, mzee wa miaka 70 hulipwa na Serikali kila mwezi hata kama hakuajiriwa popote. Walianza na shilingi 20,000. Huku Bara mkulima mzee anamtegemea mtoto, na mtoto mwenyewe anategemea mvua.

Sasa nasema neno ambalo Kamati haitalipenda. Mlinzi wa ghala letu amelinda mazao yetu miaka 9. Hajaandikishwa kwenye Mfuko mpaka leo. Miezi 108 imepotea. Mwajiri wake ni nani? Si mimi na wewe? Tunawalaani mabwana mashamba ya watu, kumbe nyani haoni kundule!

Kamati itasema chama hakina hela. Mbona za posho ya vikao hazikosekani?

Kwa hiyo, kwenye Mkutano Mkuu nataka tuamue hivi:

1. Mlinzi na karani wa mizani waandikishwe mwezi huu huu, na michango ya nyuma ilipwe na chama.

2. Kila mwenye mtoto kazini amwambie aulize michango yake sasa, asingoje mvi.

3. Mkulima anayeweza ajiandikishe mwenyewe kwa hiari, mlango uko wazi. Chama kisaidie kupeleka michango hiyo baada ya mauzo.

Ujana ni moshi, ukienda haurudi. Anayemcheka mzee leo, ajiangalie ana miezi mingapi.

Tukutane mkutanoni.

Mimi mwanachama mwenzenu.