Kijana Mwenye Kompyuta Mpanda Si Mzururaji, Wala Si Mhalifu

Ndugu zangu vijana wa Mpanda, Tanganyika, Nsimbo, Mlele na Mpimbwe, leo tuweke kando kidogo bei ya mahindi na mbolea ya ruzuku. Kuna kundi la wenzetu ambalo kwenye mikutano yetu halitajwi kabisa: vijana wanaoandika programu za kompyuta. Wapo Makanyagio, wapo Kashaulili, wapo Majengo. Mzazi anamwona mwanawe amejifungia ndani kutwa nzima anabofya, anadhani anachati. Mtendaji akipita anamwita mzururaji. Na siku kijana huyo akitengeneza kitu kinachowagusa wakubwa, atabadilishiwa jina na kuitwa mhalifu wa mtandao.

Majina yote mawili si yake. Na kwa kuendelea kumwita hivyo, mkoa wetu unajinyima wenyewe.

Tuelewane kwanza kazi hii inakuaje. Daktari hawezi kujifunzia upasuaji nyumbani kwao. Mhandisi wa barabara hawezi kujenga daraja uani. Lakini mhandisi wa programu anakua kwa kutengeneza vitu vyake mwenyewe, hata pale ambapo hakuna aliyemtuma. Anaanza na daftari la madeni la duka la mama yake, analigeuza kuwa programu ya simu. Kisha hesabu za VICOBA vya shangazi, zile ambazo kila Jumamosi zinaleta ugomvi. Kisha mfumo wa kumjulisha mkulima bei kwa ujumbe mfupi. Miradi hiyo hailipi hata mia. Ila siku akiomba kazi, mwajiri makini atamuuliza "umetengeneza nini?" na atataka kukiona kabla hajakodolea macho cheti. Mradi binafsi ndiyo shamba darasa lake, na ndiyo barua yake ya utambulisho.

Sasa hebu tujiulize: ili kijana afike hapo anahitaji nini? Umeme, intaneti, mtaji mdogo, na amani ya moyo kwamba hatakamatwa kwa alichokitengeneza. Tuvikague kimoja kimoja.

Umeme. Mkoa huu ulizaliwa 2012 ukimegwa kutoka Rukwa, na kwa miaka mingi tuliishi nje ya Gridi ya Taifa, tukitegemea majenereta ya dizeli. Laini ya kilovoti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga ilijengwa ili kututoa huko, na kwa hilo anayestahili pongezi apewe. Lakini miaka yote ambayo mwenzetu wa Dar alikuwa akijifunza usiku kucha, sisi tulikuwa tunasubiri mafuta ya jenereta. Pengo hilo halifutwi kwa kukata utepe.

Mtaji. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 Serikali iliisimamisha, ikarejea 2024. Ni jambo jema. Ila kwa kijana asiye na ulemavu sharti ni kikundi, na macho ya wakaguzi yamezoea kuona bodaboda, kuku, mashine ya tofali, mahema ya sherehe. Kijana mmoja anayeomba kompyuta mpakato na bando la miezi sita anaonekana kichekesho. Mradi wake uko wapi? Hauonekani. Basi hakuna mkopo, mwanangu, rudi na kikundi.

Intaneti na uhuru wake. Hapa ndipo ukweli mchungu ulipo. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 zilimtaka hata mwenye blogu alipe Sh 100,000 ya maombi, Sh 1,000,000 ya leseni na Sh 1,000,000 nyingine kila mwaka. Ada zilikuja kupunguzwa, lakini ujumbe ulikuwa umeshafika: kuwa na ukurasa wako ni jambo la kuombea kibali. Oktoba 2023 TCRA ikatangaza kwamba watumiaji wa VPN wajisajili kabla ya tarehe 30 mwezi huo. Kwa wasiojua, VPN si chombo cha kufichia uovu tu. Ndiyo mlango ambao makampuni mengi duniani huwataka wafanyakazi wao wa mbali wapitie ili taarifa za kazi zisiibwe. Mei 2025 mtandao wa X ukafungwa nchini. Septemba JamiiForums wakasimamishiwa leseni kwa siku 90. Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima, na siku kadhaa zikapita kabla haijarudi.

Wengi tunazikumbuka siku zile kwa sababu nyingine nzito zaidi, na hatutazisahau. Lakini mfikirie pia kijana aliyekuwa amepata kazi yake ya kwanza kutoka nje ya nchi, ya kukabidhi tarehe 31. Mteja aliyeko Berlin hajui habari ya uchaguzi wetu. Anachojua ni kwamba mtu wa Tanzania alipotea bila kuaga. Kazi inaenda kwa Mkenya au Mnyarwanda, na huyu wa Mpanda anabaki na alama mbaya ambayo haitafutika hata baada ya intaneti kurudi. Nani alimlipa fidia?

Wapo watakaosema mambo ya siasa na mambo ya kompyuta yasichanganywe. Nawajibu kwa mifano miwili ya majirani.

David Kobia ni Mkenya mtengeneza programu, aliyekuwa akiishi Alabama, Marekani. Mradi wake binafsi ulikuwa Mashada, jukwaa la Wakenya kujadiliana mtandaoni. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 jukwaa likajaa matusi ya kikabila, naye Januari 2008 akaamua kulifunga. Mwezi huohuo, Ory Okolloh alipoomba mafundi wa kompyuta wasaidie kuweka kwenye ramani matukio ya vurugu, Kobia alikuwa miongoni mwa walioitika. Ndani ya siku chache Ushahidi ikawa hewani, mwananchi akituma taarifa kwa simu na ramani ikionyesha wapi pameungua. Mwaka 2010 tetemeko lilipoipiga Haiti, programu hiyohiyo ilitumika kukusanya taarifa za waliohitaji msaada. Kilichoanza kama kazi ya watu wachache wasiotumwa na yeyote kikavuka bahari.

Wa pili ni Rose Njeri, pia Mkenya. Alitengeneza ukurasa rahisi tu: unabofya, barua pepe yako ya kupinga Muswada wa Fedha wa 2025 inakwenda kwa kamati ya Bunge. Tarehe 30 Mei 2025 akakamatwa, akalala mahabusu hadi alipofikishwa mahakamani Juni 3, akishtakiwa kwa sheria ya makosa ya mtandao. Juni 20 mahakama ikaitupa kesi kwa sababu hati ya mashtaka haikuonyesha kosa. Kosa lingekuwa lipi? Kumrahisishia raia kumwandikia mbunge wake?

Na sisi tusijifanye hayo ni ya Nairobi. Oktoba 2015, siku chache baada ya kura, polisi waliingia kwenye kituo cha waangalizi wa ndani wa TACCEO jijini Dar es Salaam, wakawakamata vijana waliokuwa wakipokea taarifa kutoka vituoni na kubeba kompyuta zao. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilikuwa na miezi michache tu tangu ipitishwe. Kazi ya wale vijana ilikuwa kuingiza taarifa kwenye kompyuta.

Ndiyo maana nasema hili ni letu. Reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda ilijengwa na mkoloni mwishoni mwa miaka ya 1940 ili kuchukua madini ya risasi. Leo treni hiyohiyo inachukua vijana. Anayejua kuandika programu anapanda hapa, anashuka Dar, harudi. Huko anatengeneza mifumo ya wengine, na mifumo hiyo ndiyo inayoletwa kwetu kutoka juu. Ikigoma, mkulima wa Nsimbo anaambiwa "mtandao hakuna, njoo kesho." Hakuna hata mmoja hapa mwenye mamlaka ya kuifungua na kuitengeneza.

Tunataka nini? Mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Kwanza, mikopo ya asilimia 10 imtambue kijana mmoja mmoja mwenye mradi wa kompyuta unaoweza kuonyeshwa ukifanya kazi.

Pili, kila halmashauri ya Katavi iweke bajeti yake, mapato yake na orodha ya zabuni zake mtandaoni kwa namna ambayo kompyuta inaweza kusoma na kukokotoa, siyo picha ya karatasi iliyopigwa upande. Wapeni vijana takwimu, muone watakachotengeneza.

Tatu, kazi ndogo za mifumo, kama za zahanati, shule na masoko, zianze kutangazwa hapa kabla ya kuita kampuni za Dar.

Nne, kuzima intaneti kupigwe marufuku kisheria, na aliyepata hasara awe na haki ya kudai.

Na sisi wa upinzani tusijitoe. Kila uchaguzi tunawaita hawa vijana watutengenezee mabango, watujengee mfumo wa kujumlisha Fomu 21A, 21B na 21C, wakeshe nasi siku tatu. Uchaguzi ukiisha, tunawaambia "kamanda, tutaonana." Huo nao ni unyonyaji. Hatuwezi kumdai mtawala aheshimu kazi ambayo sisi wenyewe hatuilipi. Kwenye kikao kijacho cha vijana wa mkoa hoja hii iingie kwenye ajenda, iwe na bajeti, na jina la mtu wa kuisimamia.

Mzazi unayesoma hapa, kesho ukimkuta mwanao kwenye kompyuta, kabla hujamfokea muulize anatengeneza nini. Huenda akakuonyesha kitu ambacho halmashauri yako haijawahi kukuonyesha.