Mtandao upi huo ulio chini?

Wadau, ningekuwa na amri ningepiga marufuku sentensi moja kwenye kila dirisha la huduma hapa Tanzania: "Mtandao uko chini." Mtandao upi? Neno moja limebebeshwa vitu vitano, na anayefaidika na mkanganyiko huo siyo wewe uliyepanga foleni toka saa moja asubuhi.

Hebu tuvitaje. Kompyuta za ofisi zikishaunganishwa kwa waya, huo tayari ni mtandao, hata kama intaneti haijawahi kufika hapo. Waya wenyewe una nyuzi 8 zilizosokotwa mbili mbili, na kwa kawaida hautakiwi kuzidi mita 100. Swichi ni kile kiboksi chenye matundu mengi. Kinajua kompyuta ipi iko tundu lipi, kinampelekea ujumbe mhusika peke yake. (Habu ya zamani ilikuwa inamtangazia kila mtu, kama mbea wa mtaani.) Ruta ndiyo mlango wa kutokea kwenda mitandao mingine. Intaneti iko ng'ambo ya mlango huo.

Sasa sikieni. Ofisi moja, sitaitaja, nilifuata nakala ya hati. Karani akakiri kuwa faili lipo, liko kwenye kompyuta ya chumba cha pili. Ila eti mtandao uko chini, njoo kesho! Jamani, kutoka chumba cha pili hadi kwenye printa kuna bahari gani ya kuvuka? Hapo ni waya, au swichi, au mtu kachomoa plagi achaji simu. Kwenye tundu la swichi kuna kitaa kidogo. Kikizima, unaanza kwa kuangalia waya. Hakuna aliyeinuka kwenye kiti. Mzee aliyekuwa mbele yangu alikuwa amekuja kwa mara ya pili, kwa nauli yake.

Sisemi kila siku ni uongo. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti iliyumba Afrika Mashariki, na karani hakuwa na la kufanya. Lakini bahari haikatiki kila Jumatatu.

Na nyie waandishi wenzangu, acheni kuandika "mtandao wakwama" mkaishia hapo. Msemaji akilitamka hilo neno, mbaneni: wa ndani au intaneti? Waya, swichi au ruta? Nani ana mkataba wa matengenezo, na mara ya mwisho alifika lini?