Uzito wa Besi, Uzito wa Bei
Anayekuta spika ya besi ya sinema ya nyumbani ikiuzwa mara kadhaa ya bei ya redio nzima ya sebuleni huhisi anaibiwa, lakini hesabu imo ndani ya chombo chenyewe. Ili besi ishuke kutoka hezi 40 hadi 20 bila kupungua nguvu, spika lazima isukume hewa mara nne ya ile ya awali. Hapo ndipo zinapohitajika sumaku nzito, koili inayostahimili joto, amplifaya kubwa na kasha nene lisilotetemeka. Tena, kiwanda cha spika za kawaida hugawa gharama za utafiti na kalibu kwa bidhaa nyingi mno. Cha vyombo maalumu huzigawa kwa vichache, na kila kimoja hubeba mzigo mkubwa. Wapo wasemao tunalipia jina tu. Wana hoja: waya wa spika wa bei ya kuruka hauongezi kitu pale waya wa kawaida wa shaba una unene wa kutosha. Ndiyo maana mnunuzi hana budi kudai vipimo, si sifa. Kizuri chajiuza, na katika spika kinachoiuza ni vipimo vyake.