Tableti Ikikatika Intaneti, Tusimtuhumu Mtoto

Hapa Buluk watoto wanagombezwa kwamba huzima waifai makusudi ili wakwepe darasa la Qur'ani. Tuchunguze kwanza. Je, na simu hukatika pale pale? Basi kosa si la tableti. Mawimbi ya ruta iliyofichwa nyuma ya ukuta wa mabati hayafiki mbali, na umeme wa jenereta ukiyumba, ruta huzimika na kuwaka upya. Ikikatika tableti peke yake, ondoeni hali ya kubana betri, kisha futeni jina la mtandao na mliunge upya.

Sisi wenyewe tulimkemea mwanafunzi wetu wiki nzima. Kumbe ni mabati! Na Suurat Al-Hujuraat, aya ya 12, tunaisomesha kila mwaka. Tulimwomba radhi mbele ya wenzake.